Upande wa Pili wa Santuri

Nazungumza nanyi mlioko hapa Shelui chini ya mlima Sekenke, na ninyi mlioko Kiomboi, Igunga, na kando ya barabara kuu itokayo Singida kwenda Nzega. Maudhui ya mazungumzo yetu ya jioni hii ni santuri za zamani zilizotolewa upya, yaani nyimbo za dansi, za taarabu, za ngoma za jadi, na hata za magitaa ya roki, ambazo zilipigwa na watu wa nchi hizi zetu katika karne iliyopita, zikasahauliwa kwa muda, kisha zikatafutwa, zikasafishwa, na kuchapwa tena kwa ajili ya masikio ya watu wa leo. Nitazitaja zile ambazo kwa insafu yangu zinastahili kusikilizwa na mtu wa Shelui kabla ya nyingine, na nitaeleza sababu, kwa kuwa sifa isiyo na sababu haimfai msikilizaji.

Nianze kwa kupinga dhana moja. Wako watu, na baadhi yao ni wapenzi wa kweli wa muziki, wanaodhani kwamba toleo jipya la wimbo wa kale ni jambo la makumbusho tu, la kuwaliwaza wazee, na kwamba kijana akishasema hizo ni zilipendwa basi amekwisha kuzimaliza. Tarehe ya muziki wetu wa dansi inashuhudia kinyume chake. Mwaka 1933 kampuni ya Kiingereza yenye alama ya His Master's Voice ilianza kuleta Afrika mfululizo wa santuri zilizoandikwa herufi GV, na nyimbo zilizokuwamo hazikuwa mpya hata kidogo: aghlabu zilikuwa nyimbo za Kuba, zilizokwisha kurekodiwa na kuuzwa huko Amerika, ambazo kampuni ilizichapa upya kwa kutaraji kwamba zitapata wanunuzi katika bara hili. Ya kwanza kabisa katika mfululizo ule ilikuwa na El Manicero, uliopigwa na bendi ya Don Azpiazu wa Havana mwaka 1930. Watu wa Kongo wakazisikia, watu wa bandari zetu wakazisikia, na katika nyumba zilizobahatika kuwa na gramafoni vijana wakaketi kujifunza kwa sikio lahani za watu ambao lugha yao hawakuifahamu, wakizipandisha juu ya mapigo waliyoyarithi kwa babu zao, hata ikafika siku zile lahani zikawa zimekwisha kuvaa maneno ya Kiswahili na tabia ya Kiswahili. Huko Morogoro Salum Abdallah alikuwa na bendi iliyoitwa Cuban Marimba, na jina lile peke yake linatosha kuwa shahidi. Basi muziki wa dansi tunaouita wetu, na ni wetu kwa haki, ulipata mojawapo ya machimbuko yake katika santuri zilizotolewa upya, na mtu anayezidharau hizi za leo hajui kwamba huenda anaudharau uzazi wa muziki wa kesho.

Salum Abdallah alifariki katika ajali ya gari mwaka 1965, angali na nguvu zake za ujana. Mwaka 2000 kampuni ya Dizim ya Ujerumani ilikusanya nyimbo alizozipiga na Cuban Marimba kati ya mwaka 1955 na 1965, ikazitoa kwa jina la Ngoma Iko Huku, na mkusanyo huo ndio ningemwambia kijana aanze nao. Nasema aanze nao kwa sababu humo atamsikia mwimbaji ambaye hakuwa na haraka, aliyeyapa maneno nafasi ya kutua kabla gitaa halijamjibu, na ambaye aliujua ushairi kiasi cha kuufanya ukae katika dansi bila kuvunjika mbavu. Nyakati zile mtunzi wa nyimbo za dansi na mtunzi wa mashairi hawakuwa mbali, na atakaye kuujua ukaribu ule hatapata mwalimu bora kuliko sauti yenyewe.

Sasa naomba mnivumilie nikae kidogo juu ya jambo ambalo ndilo hasa lililonisukuma kuzungumza nanyi. Santuri ndogo za zamani, zile za mizunguko 45 kwa dakika, zilikuwa na nafasi ya dakika chache tu kila upande, nazo nyimbo za bendi zetu zilikuwa ndefu kuliko nafasi ile. Kwa hiyo wimbo mmoja ulikatwa vipande viwili. Upande wa kwanza ulichukua beti na kiitikio, maneno ya mapenzi au ya nasaha au ya msiba, na upande wa pili ukachukua chemko, pale ambapo mwimbaji huwaachia magitaa uwanja, besi ikaanza kutembea, saksafoni zikaitikiana, na wachezaji wakasahau kwamba wapo watu wanaowatazama. Mtangazaji wa redio, akibanwa na saa ya taarifa ya habari, alipiga upande wa kwanza akaishia hapo. Matokeo yake ni kwamba watu wengi wa bara, ambao hawakuwa na santuri wala chombo cha kuzipigia, ambao mlango wao pekee wa muziki ulikuwa redio ya betri iliyowekwa juu ya kaunta ya duka, waliishi miaka mingi wakiijua nusu ya kila wimbo walioupenda. Waliyajua maneno yote kwa moyo, na hawakupata kuyasikia yale ambayo maneno hayo yalikuwa yakiyaandalia njia.

Toleo jipya lililofanywa kwa uaminifu huziunganisha pande hizi mbili. Mafundi huzitafuta santuri mbili tatu za wimbo ule ule, wakachagua iliyochakaa kidogo kuliko nyingine, wakasoma upande wa kwanza na upande wa pili kwa sindano iliyo bora, kisha wakaushona mshono pale kisu kilipopita, na msikilizaji akapewa wimbo mzima kama bendi ilivyoupiga studio siku ile. Mfano wake ulio karibu nasi kwa nasaba ni Western Jazz. Bendi hii ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1959 na watu waliotoka Jimbo la Magharibi, lile jimbo la kikoloni ambalo Tabora ilikuwa kitovu chake na ambalo Nzega, jirani zetu wa ng'ambo ya mbuga ya Wembere, ilikuwa sehemu yake. Mtindo wao uliitwa Saboso, na katika magitaa yake Rashid Hanzuruni alijipatia sifa ambayo wapigaji wa solo wa baada yake hawakuikana. Kampuni ya Sterns ya London imezikusanya nyimbo zao za miaka ya 1973 hadi 1975 katika toleo moja, na mtu wa Shelui atakayelisikiliza kwa makini atatambua kwamba hawa si wageni wa pwani waliokuja kututumbuiza. Ni watu wa upande wetu wa nchi, waliokwenda mjini kwa kazi, wakakaa pamoja kwa sababu ya kutoka pamoja, wakautia mji mkuu mapigo ya huku bara. Tabora yenyewe ilibaki na bendi zake, Kiko Kids, Nyanyembe Jazz, na Tabora Jazz ya akina Shem Karenga, ambayo mtindo wake uliitwa Segere Matata. Nazo nazitaja kwa shauku na kwa huzuni pia, kwa kuwa matoleo mapya yameipa Tabora nafasi iliyo ndogo mno kwa hadhi yake.

Wachimbaji wa Sekenke watanielewa upesi nikilitumia jambo la kazi yao. Mchanga uliokwisha kuoshwa na mikono ya kwanza hautupwi. Hukusanywa ukawa marudio, na nyenzo zilizo bora zikija, dhahabu iliyompita mzee wa kwanza, si kwa uzembe wake bali kwa uhaba wa vyombo vyake, hupatikana. Ndivyo ilivyo katika santuri. Besi ya wimbo wa mwaka 1968 ilikuwamo tangu siku ile, imechongwa katika mfereji wa santuri, lakini spika ndogo ya redio ya betri haikuwa na kifua cha kuitoa. Leo fundi akiusoma mfereji ule vizuri, na msikilizaji akavaa hata vile vidude vya kuweka masikioni vinavyouzwa stendi, ataisikia besi ambayo baba yake aliicheza kwa kuikisia.

Iko hazina nyingine ambayo haikupata kuwa santuri kamwe. Bendi za Tanzania zilikuwa na njia mbili za kurekodi. Ya kwanza ilikuwa studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, ambako wimbo ulitiwa katika kanda kubwa kwa ajili ya kurushwa hewani. Ya pili ilikuwa safari ya Nairobi, ambako zilikuwako kampuni na mitambo ya kuchapa santuri za kuuzwa madukani. Mwezi wa Februari mwaka 1977 mpaka baina ya Tanzania na Kenya ulifungwa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka ule ule, na njia ya pili ikawa nyembamba sana. Ajabu ya mambo ni kwamba miaka iliyofuata ilikuwa miaka ya neema kwa utunzi: NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikawa JUWATA, na mwaka 1978 ikazaliwa DDC Mlimani Park, wana Sikinde, na mashindano ya bendi hizi mbili yakawapa wananchi nyimbo ambazo hadi leo zikipigwa harusini wazee huacha sahani zao. Aghlabu nyimbo zile zilibaki katika kanda za redio ya taifa. Atakaye kuzipata katika hali nzuri atafute toleo la tano la mfululizo uitwao Zanzibara, uliotolewa na kampuni ya Buda Musique ya Paris kwa usimamizi wa Mjerumani Werner Graebner, mtu aliyeutumikia muziki wetu miaka mingi. Toleo hilo limeshika miaka ya 1978 hadi 1983 ya Dar es Salaam. Toleo la tatu la mfululizo huo huo limeshika miaka ya 1960, siku za mwanzo za uhuru, na mtu akiyasikiliza yote mawili kwa kufuatana ataona kwa sikio jinsi bendi ndogo za magitaa matatu zilivyonenepa zikawa majeshi ya saksafoni na tarumbeta. Naongeza hapo mkusanyo wa Mlimani Park ulioitwa Sikinde, wa kampuni ya Africassette ya Marekani, mwaka 1994, kwani humo yamo maneno ya watunzi waliomheshimu msikilizaji kiasi cha kumsimulia kisa kizima, chenye mwanzo, fitina na hatima.

Kwa upande wa taarabu nitataja mkusanyo mmoja nikikaa juu yake, na mwingine nikiupita. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mwanamke wa Unguja aliyezaliwa katika ufukara na ambaye maisha yake Shaaban Robert aliyaandikia kitabu, alisafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi santuri. Zilikuwa santuri nzito za mizunguko 78, zilizoshika takriban dakika tatu kwa upande, na mtu azoeaye taarabu anajua kwamba dakika tatu hazitoshi hata kwa wapigaji kukubaliana na fidla. Hata hivyo ziliuzwa, zikasikika pwani nzima, na kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida akaisikia lugha yake mwenyewe ikitoka katika chombo kile ambacho kabla ya hapo kilisema Kiarabu na Kihindi. Santuri za rika lile na za miaka iliyofuata, tangu miaka ya 1920 hadi ya 1950, za Unguja, Tanganyika na Kenya, zilikusanywa kutoka katika hifadhi ya British Library na kutolewa na kampuni ya Topic ya London mwaka 2007. Msikilizaji ataudhika mwanzoni kwa mkwaruzo wa sindano. Nasi tuliozoea sauti safi tumekuwa wepesi wa kuudhika. Asubiri. Sikio likishautambua mkwaruzo kuwa ni mkwaruzo, huuweka kando lenyewe, na nyuma yake itatoka sauti ya binadamu iliyo hai na yenye adabu. Huo wa pili ni toleo la kumi la Zanzibara, la taarabu ya Mombasa na Tanga ya miaka ya 1970 na baada yake, pale kinanda cha umeme kilipoingia. Ni muziki wa furaha, na hauhitaji maelezo yangu.

Vijana wapendao magitaa makali nao wanalo fungu lao. Sunburst ilikuwa bendi ya Dar es Salaam ya miaka ya 1970, iliyoupiga muziki wa roki kwa moyo wa Kiafrika na kuuita mtindo wake Kitoto. Santuri yao ndefu, Ave Africa, ilitoka mwaka 1976, na mwaka 2016 kampuni ya Strut ya London ikaitoa tena pamoja na nyimbo zao nyingine tangu mwaka 1973. Walikuwa wakweli, na ukweli wao haujazeeka.

Na ngoma za jadi? Mwaka 1950 Hugh Tracey, ambaye baadaye alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika iliyoko Afrika Kusini, alizunguka Tanganyika na gari lililobeba mitambo ya kurekodi, akapita kwa watu wa makabila mengi, wakiwamo Wagogo, jirani zetu wa mashariki. Rekodi zile zimetolewa upya na Michael Baird wa Utrecht katika sehemu mbili, moja ya ala na moja ya sauti. Baada yao msikilizaji amtafute Hukwe Zawose, bingwa wa ilimba na zeze aliyefariki mwaka 2003, na hususan rekodi yake ya Chibite ya mwaka 1996, ili asikie jinsi ufundi ule ule uliosikika porini mwaka 1950 ulivyosimama mbele ya ulimwengu bila kubadili uso wake.

Nimezisifu kazi hizi kwa dhati, kwa hiyo nina haki ya kuzilaumu pale zinapostahili lawama. Wakusanyaji wengi wa ng'ambo huchagua kwa miguu. Kwa kuwa maneno ya Kiswahili hayawafikii wanunuzi wao, wanazitanguliza nyimbo za kasi, na zile ndefu za nasaha na maombolezo, ambazo kwetu ndizo zilizozifanya bendi ziwe bendi, huachwa kandani. Vijitabu vinavyofuatana na matoleo haya, vyenye picha na habari za thamani kubwa, aghlabu huandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa. Mjukuu wa mpiga tumba hawezi kusoma habari za babu yake mpaka apate mkalimani. Tena wapo mafundi ambao kwa ari ya kuondoa mkwaruzo huosha kupita kiasi. Nitawapa kipimo cha kuwatambua: sikilizeni manyanga. Manyanga hukaa juu kabisa ya wimbo, mahali pale pale mkwaruzo unapokaa, na fundi asiye mwangalifu akifuta kimoja hufuta vyote viwili. Toleo ambalo manyanga yake yanasikika punje kwa punje limeoshwa na mtu mwenye masikio. Toleo ambalo manyanga yake yamezama, hata likiwa na jalada la kupendeza, waachieni wenye kupenda majalada.

Liko pia suala la haki. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi na mpigaji pia, na taasisi ya hakimiliki, COSOTA, imekuwako kwa ajili hiyo. Lakini nyimbo nyingi ninazozisema zilirekodiwa zamani kabla ya sheria hiyo, kwa mikataba ya ukurasa mmoja au kwa neno la mdomo, na wapigaji wake wametawanyika katika miji na vijiji bila anwani. Kampuni itakayosema kwamba imewatafuta warithi ituonyeshe majina yao katika kijitabu, na msikilizaji anayenunua ajizoeze kuyatafuta majina hayo kabla hajatoa fedha yake.

Natambua kwamba wengi wenu hamtazipata santuri hizi katika duka lolote la hapa. Vijana wa vibanda vya kuweka nyimbo katika memori kadi na flashi, mlioko kando ya stendi ambako malori ya Rwanda na Burundi hupumzika, ninyi ndio wasambazaji wa muziki wa zama hizi, na dereva hukusikilizeni kuliko anavyonisikiliza mimi. Jambo ninalowaombeni ni moja: mnapoupanga wimbo wa kale, msiuandike zilipendwa namba tatu au namba nne. Andikeni jina la wimbo, jina la bendi, na mwaka kama mnaujua, na mkipewa wimbo uliokatwa, utafuteni upande wake wa pili.

Na ninyi wazee wetu wenye santuri majumbani, katika masanduku yaliyo chini ya vitanda, baadhi ya matoleo haya niliyoyataja huenda yalianzia katika sanduku la namna hiyo katika nyumba ya mtu asiyejua kwamba anacho kitu. Zisimamisheni wima kama vitabu, msizilaze moja juu ya nyingine, kwa kuwa uzito huzipinda. Ziwekeni mbali na bati la dari na mbali na jiko. Vumbi lifuteni kwa kitambaa laini kwa kufuata mzunguko wa mifereji, wala msitie mafuta ya taa. Kama jalada limekwisha kuliwa na mchwa, chukueni karatasi mwandike yale mnayoyakumbuka: nani aliimba, nani alipiga solo, nani alikuwa kwenye besi. Waandikeni na wapigaji wa rithimu, ambao majalada ya zamani yaliwasahau karibu wote.

Juma lijalo, kwa saa hii hii, nitakuwa na nyimbo tatu za Western Jazz, nazo zitapigwa kamili, upande wa kwanza na wa pili.